Makohozi ya Mama Mkwe

Mimi siamini kikombe chochote kinacholetwa kimefunikwa. Nimefanya kazi ya maabara hapa Tawa miaka mingi, na watu hudanganya hata kwa makohozi. Hutema mate tu, wakapata jibu zuri, wakaenda zao. Kwa hiyo mke wangu alipoleta kikombe cha mama yake, nilikifungua kwa shaka yangu ya kawaida, na safari hii kwa hofu. Mama mkwe alikuwa amekohoa zaidi ya mwezi, na binti yetu wa miaka minne, aliyekuwa akilelewa kwake, alilala naye kitanda kimoja.

Kwenye hadubini niliona bakteria wa kinywani tu: viduara vilivyorundikana kama mtama, vingine vimeshikana mnyororo, vyote vya buluu. Yale yalikuwa mate. Bakteria wa kifua kikuu ni kijiti chembamba, kimepinda kidogo, na ukuta wake una mafuta kama nta. Rangi nyekundu ikishapenya kwa joto, asidi huiosha kwa wale wengine, nao hupakwa buluu, lakini kwake haitoki. Ukuta huohuo ndio ngao yake mwilini, na ni mojawapo ya sababu mgonjwa humeza dawa miezi mingi. Nikaomba kikombe kingine.

Cha pili kilikuwa na chembe za ugoro. Mama mkwe ni mtu wa kanisa, hataki hata harufu ya ugoro. Anayenusa ni jirani yake.

"Haya si ya mama," nilimwambia mke wangu jioni hiyo.

"Sasa mama yangu ni mwongo? Wewe unashuku hadi chai."

"Basi mtoto arudi nyumbani tukingoja."

"Umtoe kwa mama bila jibu? Utamwambia nini?"

Siku ya tatu mke wangu alirudi amepoa. Mama yake alikuwa amemwambia ukweli. Ilikuwa nthoni, ile haya ya Wakamba kati ya mtu na mama mkwe wake. Miaka hii yote tukikutana njiani, yeye hupita kando na mimi hutazama chini.

"Anasema heri afe kuliko wewe uangalie makohozi yake," mke wangu alisema. "Na ukiyaona, hata dawa hatameza."

Nilikasirika, ingawa nilimwelewa. Nikaahidi kwamba mwenzangu wa maabara, msichana mgeni kazini, ndiye atakayeyasoma, nami sitayagusa. Kikombe cha tatu kikaja kizito, cha mtu aliyekohoa kutoka chini kabisa. Nikaenda kukaa nje kwenye benchi la wagonjwa.

"Hakuna kitu," msichana alisema alipotoka. "Nimesoma sehemu mia za kioo."

Mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nilijiuliza kama zilikuwa mia kweli, au alihesabu huku akichungulia simu. Alipoenda kula, nilifunga mlango nikakaa kwenye kiti chake. Niliona aibu kama niliyemchungulia mama mkwe akioga. Sehemu ya hamsini, hakuna. Nilipopita sitini, vijiti viwili vyekundu, vimelala pamoja katikati ya buluu. Mbele kidogo, kingine.

Nilimwonyesha msichana aliporudi. Akaandika jibu jipya kwa wino mwekundu na kutia sahihi yake mwenyewe. Binti yetu alipimwa wiki hiyo. Hakuwa mgonjwa, akaanzishiwa dawa ya kinga, na mimi nikalia chooni mtu asinione.

Mama mkwe alipopewa dawa zake hakuzimeza. Alizifunga kwenye leso, akamtuma mke wangu kwangu na swali moja.

"Anauliza kama uliangalia," mke wangu alisema, akinikazia macho. Nilijua si mama yake tu aliyenishuku.

"Sikuangalia."

"Apa kwa mtoto."

Nikaapa. Kesho yake asubuhi mama mkwe akameza vidonge vya kwanza.