Kigari Changu Kilivyoposa Nizwa

Baba yake Asila aliniambia wazi: "Huna ubaya, lakini jambo hili nazungumza na mkubwa wenu." Wazee wangu walikwishatangulia mbele ya haki. Mkubwa wetu alibaki mmoja tu, Khalti Zuwena, dada yake mama, anayekaa Sur, pwani ya Oman, na mgongo uliomfungia ndani mwaka wa pili. Asipofika Nizwa kwa kina Asila, hakuna posa. Ndiyo nikatoka Ibra kumfuata.

Ibra, asubuhi. Kaka yangu Hamed alininyooshea funguo za gari lake kubwa la jangwani, nikazikataa. Miaka hiyo ya mwanzo wa elfu mbili nilikuwa na kigari cha Kijerumani, kifupi, mkia umekatwa, viti vya ngozi, na nilikipenda kupita kiasi.

"Utakwenda kuposa ndani ya kiatu?" Hamed akaniuliza.

Nikamjibu kwamba gari lake refu, Khalti hawezi kulipanda. Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ilikuwa majivuno yangu.

Njia ya Bidiya. Hapa kigari hakina mpinzani. Kimeshika lami, usukani mwepesi, ukikanyaga mafuta unalipita lori kabla dereva hajakuona. Ngamia alitoka mchangani akasimama katikati ya njia. Nikafunga breki, kikatulia pale pale, hata chupa ya maji haikuanguka. Nikakipapasa dashibodi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Sur, adhuhuri. Nilimwamkia Khalti shikamoo, akaitikia marahaba huku analichungulia gari nje.

"Ndiyo siyara yenyewe hiyo? Nusu yake nyengine umeiwacha wapi?"

Tukalala, na kulipokucha tukaondoka. Kuingia aliingia kwa wepesi, maana kiti kiko chini. Alikaa tu, nikamsaidia miguu. Lakini Khalti haendi kwa watu mikono mitupu. Alikuwa na furushi la papa mkavu kutoka Ashkhara, na gari la namna hii halina buti la kujitenga. Ulichopakia nyuma mnakaa nacho chumba kimoja. Tulipofika Al Kamil, viti vyangu vya ngozi vilikuwa vinanuka soko la samaki.

Kuelekea Mudhaibi. Matairi ya kigari ni membamba, mazuri kwa kutazamwa, lakini hayasamehe tuta hata moja. Kila tuta Khalti akilia, "Ya Rabbi, mgongo wangu!" Nikizima kiyoyozi anatota jasho, nikikiwasha baridi inamtafuna kiuno. Mwisho akasema, "Nirudishe, mwanangu. Nikifika na hali hii nitalia tu, sitaweza kukusemea."

Roho ikanishuka. Bahati yangu yote kwa Asila ilikuwa juu ya kiti kile. Nikaanza kutafuta pa kugeuzia.

"Salum," akasema ghafla, "mbona huku chini pana moto? Nimeshikwa na homa?"

Nikatazama. Mkoba wake ulikuwa umelalia kitufe cha kupasha kiti moto, kitufe walichowekewa watu wa theluji. Tangu nilinunue gari sijapata kukigusa, na rafiki zangu walikifanyia mzaha kila siku. Nikacheka, nikanyoosha mkono nikizime.

"Hebu kiwache!" Akaegemea, akafumba macho. "Wallahi, mara ya mwisho kukandwa hivi nilikuwa mzazi, ndani ya arubaini."

Sikugeuza. Tulipoipita Izki, alikuwa ananidadisi habari za Asila, jambo ambalo tangu Sur maumivu hayakumpa nafasi.

Nizwa, alasiri. Kichochoro cha nyumba kinakatiza wadi, mto mkavu wenye mawe, na tumbo la kigari likakwaruzwa vibaya sana. Kumtoa Khalti kitini tulivutana naye watu wawili. Lakini alipokwisha kusimama, alisimama wima.

Wazazi wa Asila walikulia Unguja. Mama mtu alifungua furushi, akanusa harufu ya utoto wao, akacheka mpaka machozi. Khalti akasema yaliyomleta, kwa utulivu na adabu, hakusahau hata jina la babu yangu. Baba mtu alimsikiliza, mkono umeshika kiuno kama naye kinamuuma.

"Na huo mgongo? Tuliambiwa hutoki."

"Nimekuja nakandwa njia nzima," akasema Khalti, akamweleza habari za kiti.

Mzee akatoka nje, akaketi kitini. Nikawasha gari, nikabonyeza kitufe. Akafumba macho, nasi tumesimama tunamtazama. Akaukandamiza mgongo kitini. Kisha akasema kupitia dirisha:

"Mwambie khalti yako aingie anywe kahwa. Siku ya akdi ya ndoa tutaipanga leo hii."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi nipo kwanza."

Kurudi. Khalti alikandwa mpaka mlangoni kwake. Nami nilijifunza kwamba gari hulijui mpaka umpakie mtu anayeumwa.

Leo tuna watoto watatu, na kiti cha nyuma cha kigari hakiwatoshi. Kigari chenyewe kipo Nizwa kwa mkwe wangu, asiyejua hata kuendesha. Kila asubuhi baada ya sala hukiwasha, akakaa upande wa abiria na kahwa yake. Juzi Asila alimwambia tumnunulie kiti kizuri cha kukanda, akiweke ndani ya nyumba.

"Hicho kitanuka papa?" mzee akauliza, akapandisha kioo.