Sigara ya Mwenye Mlima

"Shangazi, mbona unawasomea watu sheria wanazozijua?"

Yanzhima aliuliza hivyo akiwa darasa la pili, siku za mapumziko ya mwezi wa tano, amekaa kwenye ngazi ya kibanda cha geti la msitu, bakuli la chai ya maziwa na chumvi likimpasha mapaja. Alikuwa ametoka kumwona shangazi yake Butid akisimamisha lori la mbao, akivaa miwani, akikunjua karatasi. Na dereva, kabla hajasomewa neno, akaimaliza karatasi yote kwa kichwa, mpaka ile ya beleshi na ndoo, akacheka, akapiga honi, akaenda zake.

Butid alifungua mdomo ajibu. Gari jingine likatokea konani. Akaufunga, akakaza kitambaa kichwani, akasimama. Swali likabaki pale kwenye ngazi.

Hakuzaliwa mlinzi wa geti. Alikuwa mkamuaji wa shamba la ushirika, na shamba lilipovunjika na ng'ombe kugawanywa, waliosimama karibu na mlango waliondoka na ng'ombe, yeye aliondoka na ndoo. Mume hakupata, mtoto hakupata. Alichopata ni hii kazi ya kila mwaka: theluji ikishayeyuka, nyasi za mwaka jana zikabaki zimelala njano, kavu kama karatasi, na upepo ukaanza kuvuma usijue kupumzika, Butid hupanda getini na kukaa huko hadi mvua za mwezi wa saba.

Barabara ile ilikwenda kwenye chemchemi ya maji moto ya Halzan, na watu wa mji wa Ulan-Ude waliipenda chemchemi hiyo kwa ajili ya magoti yao. Kila gari lilisimama. Kila dereva alisomewa: moto wa kuota au wa kupikia, marufuku. Kutupa kichungi cha sigara dirishani, marufuku. Kuegesha juu ya nyasi kavu ekzosi ikiwa bado ya moto, marufuku. Gari liwe na beleshi, ndoo, na mtungi wa kuzimia moto.

"Mama, mtungi wangu huu hapa, nimeuvalisha na kofia usipate baridi!"

"Mwalimu, mimi leo nina mafua, nisamehe mtihani."

"Soma polepole, mama mkwe wangu huku nyuma ndiye moto wenyewe."

Butid hakucheka wala hakukasirika. Alisoma hadi mwisho, akainua boriti ya geti.

Aliyemzidi wote kwa utani alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Solbon, baba yake Yanzhima. Solbon aliendesha basi dogo la kwenda chemchemi, abiria wake wengi wakiwa akina bibi wastaafu wenye mifuko ya plastiki. Akifika getini huzima injini, hutoa kichwa dirishani, na kuanza kwa sauti ya dada yake, ile nyembamba ya puani: "Ndugu dereeeva! Moto wa aina yoyote…" Akina bibi hufa kwa kicheko. Kisha hugeuka na kuwaambia, "Huyu ni dada yangu. Nyumbani kwetu hata jiko huwashwa kwa kibali chake."

Mwaka mmoja alikuja msichana wa chuo kutoka mjini, akasimama getini na kuwahoji madereva kama wanazijua sheria za moto. Wakazijibu kama maji. Msichana akafurahi, akagawa kalamu, akamwambia Butid kwamba uelewa wa watu wa huku ni wa juu sana.

"Ni wa juu," Butid alikubali. "Upo kule juu mlimani."

Msichana hakuelewa, na gari la kumrudisha lilikuwa linangoja.

Maana juu ya mlima, baada ya kona ya mwisho, palikuwa na jiwe bapa chini ya msonobari uliofungwa matambara ya rangi, na hakuna dereva aliyepita pale bila kusimama. Mwenye Mlima anakaa pale. Ukimpita kama mbwa, gari litakukatikia mbele ya safari. Basi watu hushuka, hudondosha vodka au maziwa kwa kidole cha pete, huacha peremende, biskuti, sarafu. Na wavutaji huacha sigara. Sigara huwashwa, ikapulizwa mara moja ishike vizuri, ikalazwa kwenye jiwe ili Mwenye Mlima avute.

Mtu yuleyule aliyekuwa ametoka kuapa getini kwamba hatawasha kitu, aliwasha pale. Wala hakuwa mwongo. Ungemuuliza, angekuapia tena kwamba hajavuta msituni. Ile haikuwa sigara, ilikuwa tambiko.

Butid alijua. Kila jioni, akifunga geti, alibeba chupa yake ya chai akapanda kwa miguu mpaka kwenye jiwe. Kumwagia tambiko maji ni kumtukana mwenyewe. Lakini chai ya maziwa ni kinywaji cha heshima. Basi aliimimina juu ya jiwe, taratibu, akiomba radhi, na vishungi vikafa kimoja baada ya kingine kwa mlio mdogo kama wa panya. Mwenye Mlima amekunywa, na moto umelala. Hapo ndipo naye alirudi kulala.

Mara moja alijaribu kuongeza mstari wake. Aliwaambia madereva, "Na pale kwenye jiwe, mwachieni sigara bila kuiwasha." Habari zikafika kijijini kabla ya jua kuzama. Mzee Lubsan, ambaye ndiye huongoza matambiko ya kiangazi, akamjia getini kwa pikipiki.

"Wewe Butid, mgeni akija kwako unampa nyama mbichi ajipikie?"

"Hapana, baba."

"Sasa sigara isiyowashwa ni sigara gani? Mwenye Mlima atatoa wapi kiberiti, akuombe wewe?"

Madereva waliokuwa kwenye foleni wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kesho yake Bwana Misitu, Kuprianov, akapiga simu. "Butid, karatasi imetoka mjini, ina mhuri. Soma kilichoandikwa. Imani za watu waachie wenyewe, mimi sitaki kesi." Na Solbon akamalizia: "Dada, hata Baba alikuwa akiiwasha. Kwa hiyo Baba naye alikuwa mhalifu?"

Butid akarudi kwenye karatasi yake na chupa yake ya chai.

Siku ile upepo ulianza asubuhi, ule wa kutoka upande wa nyika, unaoinua mchanga barabarani na kuutembeza kama nyoka. Kuprianov akapiga simu kwamba mkaguzi anatoka mjini, haijulikani saa ngapi, na Butid asithubutu kuondoka getini hata kwa haja ndogo. Magari yalikuwa mengi kwa sababu ya sikukuu. Basi la Solbon lilifika mchana, limejaa.

"Ndugu dereeeva…" alianza.

"Solbon." Butid aliweka mkono dirishani. "Leo usiiwashe. Angalia miti."

Misonobari ilikuwa inainama na kusimama, inainama na kusimama. Nyuma ya mlima ule ilikuwa nyumba ya baba yao, na mama yao bado alikaa humo na ng'ombe wake, hataki kusikia habari za kuhama.

"Sawa, dada."

"Niambie umesikia."

"Nimesikia, dada mkubwa, jamani! Niimbe?" Akawakonyeza akina bibi, akaondoka.

Mkaguzi hakuja. Jioni Butid alikuwa amesimama mlangoni akitazama juu, chupa ya chai mkononi, akipimana na amri ya Kuprianov. Alipokata shauri kwamba anakwenda, potelea mbali, aliona mgongo wa mlima umeota manyoya ya kijivu.

Alikimbia hivyohivyo, na chupa yake ya chai.

Moto haukushuka upande wa geti. Ulishuka kule kwingine, upepo ukiuswaga kama mchungaji. Jirani alimtoa mama yao kwa trekta, mama anapiga kelele kwamba zizi limefungwa, zizi limefungwa. Wanakijiji walipofika asubuhi na mabeleshi yao, nyumba ilikuwa tanuri tu limesimama peke yake, na ng'ombe walikuwa mlangoni mwa zizi, wote upande mmoja, walivyosukumana.

Wazima moto walisema umeanzia kwenye jiwe. Ikatangazwa kwamba kutakuwa na kikao.

Kabla ya kikao Solbon alikuja kwa dada yake, mchana kweupe, ameleta samaki aliyefungwa kwenye gazeti. Hakukaa.

"Niliiwasha, dada. Abiria walikuwa wananitazama. Ningeiweka kavu, bila moto, pale mbele ya wale bibi? Niliilaza upande wa kivulini, nikaizungushia vijiwe."

Butid alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya.

"Mimi watanifunga," Solbon alisema. "Yanzhima bado yuko madarasa ya chini. Wewe watakufukuza tu. Dada, wewe huna…"

"Huna nini? Malizia."

"Nakuomba tu."

Butid alichukua kiazi kingine. Lakini kwenye ukumbi wa shule, mbele ya kijiji kizima, Kuprianov alipomuuliza ni nani aliyesimama kwenye jiwe mchana ule, Butid alisema, "Wote husimama. Magari yalikuwa mengi." Akadhani yamekwisha. Amembeba mdogo wake, basi, atambeba.

Kuprianov akawageukia madereva waliokaa nyuma. "Na nyinyi? Mlisomewa sheria siku ile?"

Kila mmoja akatazama viatu vyake. Ndipo Solbon aliposimama, kofia mkononi, sura imemwiva.

"Nisingependa kumsema vibaya dada yangu," alisema. "Lakini siku ile kulikuwa na foleni. Huenda wengine hawakusomewa vizuri."

Butid aligeuza shingo akamtazama. Kuna watu wanasema alitabasamu. Hakutabasamu, mdomo wake ulikuwa umekauka ukabaki vile ulivyo. Angeweza kusema. Mama yao alikuwa amekaa safu ya mbele na koti la kuazima, lenye mikono mirefu kuliko yake. Butid akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena. Akafukuzwa siku hiyohiyo.

Mama alikwenda kukaa kwa Solbon. Butid alipomtembelea, alimkuta dirishani akitaja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina.

"Nilikuondoa kwenye kukamua ng'ombe nikakupeleka shule ujue kusoma," mama alimwambia. "Ikakushinda karatasi moja?"

Solbon alikuwapo, anamimina chai. Aliimimina mpaka ikafurika kisahani. Mama akafa kabla ya Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya, akiamini hivyo.

Kazi nyingine Butid alipewa na zahanati: kutia kuni na makaa kwenye tanuru la kupashia majengo joto. Vijana wakaona jambo hilo halifai kupita bila utani. "Shikamoo Mama Moto! Leo unaunguza wapi?" Wake zao walimsalimia kwa kope. Mke wa Solbon alimkataza Yanzhima kwenda kule mara kwa mara, kwamba mtoto atanuka moshi. Mtoto akawa anakwenda kwa siri, kisha alipokua akawa anakwenda tu.

Na Solbon? Aliacha kuvuta. Alinunua basi jipya. Pale kwenye jiwe hakusimama tena, alipiga honi tatu akapita, na abiria wakanung'unika. Miaka ikapita, Kuprianov akastaafu, akaja Bwana Misitu mwingine, kijana, aliyependa mabango na picha. Akatafuta dereva wa mfano wa kuelimisha umma, na nani angekuwa wa mfano kuliko dereva asiyevuta, anayejua sheria zote bila kushika karatasi?

Wakamleta shuleni. Yanzhima, sasa darasa la kumi, alikaa safu ya tatu. Baba yake alisimama kwenye ukumbi uleule, mahali palepale, akazisema sheria zote moja baada ya nyingine, pamoja na ile mpya: kwenye sehemu za tambiko, usiache kitu kinachowaka. Hakuiga sauti ya mtu. Watoto wakapiga makofi, Bwana Misitu akampa cheti na kikombe chenye picha ya kindi.

Yanzhima alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake. Akamkuta kwenye chumba cha tanuru, mikono myeusi hadi viwikoni, mabakuli mawili ya chai juu ya kreti, kana kwamba alijua atakuja. Akamsimulia yote: makofi, cheti, kindi. Baba yake alivyozisema bila kukosea hata moja. Yeye Yanzhima alivyoona fahari.

"Hata ile ya jiwe aliisema?" Butid aliuliza.

"Hata ile. Tena aliisema mara mbili."

Butid akafungua mlango wa tanuru, akatupa kuni, akaufunga kwa mguu. Mwanga ukampita usoni ukaondoka.

"Shangazi," Yanzhima alisema, "unakumbuka niliwahi kukuuliza kitu, kule getini? Mbona ulikuwa unawasomea watu sheria wanazozijua? Hukunijibu."

"Gari lilikuja."

"Sasa hakuna gari."

Butid alichukua bakuli lake, akalipuliza, akanywa kidogo, akaliweka chini.

"Kwa sababu baba yako," alisema, "alikuwa anazijua zote."