Wiki Tatu Ndani ya Mtumbwi Uliofungwa

Ujinga wangu ulikuwa kudhani woga unatibiwa kwa siku moja. Mama, aliyeishi Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, alikuwa akipoteza macho, na kila boti ya huko ilileta salamu zilezile: anataka kuniona kabla macho hayajaisha. Barabara ya kwenda kwake hakuna. Basi nikapanda boti, nikaweka kitenge chake na sukari miguuni, na injini ilipoguruma nikaruka nje. Maji yalinifika kiunoni. Mzigo ulifika Mwamgongo. Mimi nilirudi nyumbani Buzebazeba nikichuruzika.

Tangu boti ya marehemu baba ipinduke nami ndani, nimekuwa mtu wa kukaa nyumbani. Hata samaki nilinunua mlangoni.

Jirani yangu alikuwa nesi, mkimbizi kutoka Burundi, aliyevuka ziwa hilohilo na watoto wawili. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini.

“Na kidato cha nne chako chote hicho! Ego, ndiyo, tutakuzoesha kidogo kidogo. Ila ukishapanda chombo, hushuki mpaka moyo utulie wenyewe.”

Kila Jumamosi alinipeleka Katonga, ufukoni kwa wavuvi. Kwanza nilisimama mchangani tu. Kisha nikakalishwa ndani ya mtumbwi uliopandishwa nchi kavu, katikati ya wanawake walioanika dagaa.

“Baba, leo safari ya wapi?” mmoja wao aliniuliza.

“Kongo!” mwenzake alidakia. “Mwacheni, atachelewa.”

Nilitoka jasho kama mwenye malaria. Baadaye mtumbwi ukawa majini, umefungwa kamba. Wiki tatu kamba ile. Nilichoka, kuogopa kunachosha kuliko kulima. Jirani naye alichoka. Mimi nilitazama maji, yeye alitazama nyuso za wakimbizi waliokuwa bado wanashuka, akimtafuta dada yake. Hakumwona. Tulirudi nyumbani, kila mtu na lake.

Ndipo zikaja salamu kwamba mama anaona vivuli tu. Jumamosi hiyo hatukwenda Katonga. Tulipanda boti ya Mwamgongo, nikafumba macho, nikang’ang’ania mkono wa jirani.

Mama alikuwa kibarazani. “Shikamoo, mama.” Alinipapasa uso, masikio, kovu la kidevuni, akaanza tena upya. Kisha akaagiza niletewe ugali haraka.

“Ni yeye, mama,” jirani alisema, “lakini ugali usubiri, ametapika njia nzima, na nusu yake iko kwenye sketi yangu.”