Koti Lililovaliwa Kama Mgolole

Ukumbi mmoja hapa Iringa ulionyesha filamu ya tamthilia ya kale ya Kiingereza, ile wanayoisoma wenzangu niliowaacha shuleni. Niliingia nikihofia kutoka kapa. Filamu yenyewe ilikuwa imeletwa zama hizi za magari na maghorofa, na Kiingereza chake kilinipita mbio.

"Mfalme ni yupi, mwanangu?" aliniuliza mama mmoja wa Kilolo niliyekaa naye.

Nilimwonyesha mwanamume mwenye kofia na vifungo vinavyong'aa.

"Wee! Huyo si bawabu? Mfalme ni yule aliyetupia koti mabegani kama mgolole wa wazee wetu wa Kihehe. Mikono hajaiingiza. Anayetumwa kazi angeweza?"

Tangu hapo nilifuata mikono. Mwishoni mfalme yule alitoka kwenye jumba lake akiwa amevaa koti vizuri hadi vifungo, amebeba begi lake mwenyewe. Machozi yakanitoka.

"Unalia nini?" akauliza mmoja wa wale wenzangu wa shule, aliyekaa nyuma yetu.

"Wamempindua."

Nilipomshukuru yule mama, alicheka. "Asante ya nini? Mimi nilikuwa natazama nguo tu."

Hata mimi, mama, na hadithi nimeipata yote.