Goti la Papa Kalenga

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka rangi ya suruali niliyovaa. Nataka nikusimulie leo, kwa sababu jana ulikuja kwangu umekunja uso na barua ya kuacha kazi iko ndani ya mkoba. Uliniambia yote. Hospitali yenu haina glavu, wagonjwa wawili wanalala kitanda kimoja, wenzako watatu wanafanya kazi mwaka wa pili sasa bila kuandikwa, na kliniki moja ng'ambo ya mpaka wa Mokambo imekuita. Kisha ukangoja nikukataze. Sikukukataza. Nilikuomba tu urudi leo, maana jana nilikuwa na njaa, na mzee mwenye njaa hutoa shauri baya. Basi keti, kunywa chai, na usiniharakishe.

Unajua kwamba mimi pia nilikuwa munganga. Ndivyo watu wa mji huu walivyotuita sote wenye koti jeupe, aliyesoma miaka mingi na aliyesoma miwili. Nilisomea hapahapa, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville na Wabelgiji ndio wenye kauli. Tulipomaliza shule tulikuwa wengi kuliko nafasi. Hospitali ya mjini ilichukua wawili, sisi wengine tukatawanywa. Mimi nilipelekwa katika hospitali ya mji mdogo wa migodi, mbali kwa treni, mahali ambapo kijana wa Élisabethville alijiona kama ametupwa.

Kipimajoto kilikuwa kimoja kwa wodi nzima. Sindano tulizichemsha, tukazinoa kwa jiwe, tukazichemsha tena, mpaka mgonjwa akiona inakuja anageukia ukutani. Daktari Mzungu alipita Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine tulibaki mimi na Papa Séraphin, muuguzi mkuu, mtu wa Kasai mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alikuwa amezoea taabu hizo zote kiasi cha kuniudhi. Lakini nikuambie ukweli, kilichoniuma zaidi ni kaptula. Nilikuwa na diploma na bado nilivalishwa kaptula kama mfagiaji wa ua, wakati mjini, nilisikia, wauguzi wa daraja langu walivaa suruali ndefu. Cheka tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miguu myembamba.

Katika wodi hiyo alilala Papa Kalenga, mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, aliyevunjwa mguu na gogo la reli. Plasta ilipotolewa, goti lilikataa kukunjika. Daktari alisema kwamba akitembea vizuri kabla ya mvua kwisha, atarudi kazini. Asipotembea, atarudishwa kijijini pamoja na mke na watoto wake, na nyumba yao ya kambini apewe mwingine. Wodi nzima ilijua jambo hilo, na wodi nzima ilimwombea.

Kila asubuhi, nikishamaliza kugawa dawa, nilimwekea gotini kitambaa cha maji ya moto. Halafu nililikunja polepole mpaka machozi yamlenge, nikaliachia, nikalikunja tena. Yeye alihesabu kwa Kiluba, imo, ibidi, isatu, kwa sauti kubwa, na wagonjwa wengine wakahesabu naye, hata wasiojua Kiluba. Kisha aliweka mkono begani mwangu tukatembea barazani. Hakuna aliyenifundisha kazi ile. Nilijifunza kwa mikono yangu mwenyewe pa kusukuma na pa kuacha, maumivu ya kuendelea nayo na maumivu ya kukomea hapo. Papa Kalenga hakukubali kuguswa na mwingine. Papa Séraphin alipojaribu siku moja, Kalenga alivuta shuka mpaka kidevuni. Nami nilijivunia hilo, mjinga mimi, wala sikujua kwamba saa zile za asubuhi ndizo zilikuwa furaha yangu. Nilidhani furaha iko Élisabethville inanisubiri.

Ndipo ikafika barua ya mwenzangu wa shule. Nafasi moja imefunguka mjini, watu watatu tayari wanaizungukia, nijitokeze Jumatatu asubuhi. Nami niliipata Ijumaa. Unajua mtu anavyokuwa kazi zikiwa haba. Niliikunja barua ndogondogo nikaiweka ndani ya soksi. Niliogopa kwamba Papa Séraphin akijua atanibakiza wiki mbili. Nilimwogopa hata mpishi, asije akawa na ndugu mwenye diploma. Siku hiyo nilifanya kazi yangu kama kawaida, na siku hiyohiyo Papa Kalenga alitembea hatua nne bila kunishika. Alifurahi kama mtoto. Akaniuliza kama kesho tutaongeza. Nikamjibu ndiyo, kesho tutaongeza, uningoje barazani.

Kesho yake treni iliondoka nami nikiwa ndani, nimevaa suruali ndefu ya kuazima, ya rangi ya udongo.

Nafasi niliipata. Sitakudanganya kwamba nilijuta, nilirukaruka kwa furaha. Kulikuwa na hadubini, kulikuwa na madaktari wanne, na suruali nilipewa mbili. Lakini baada ya miezi mitatu mkuu wa ofisi alidai cheti cha kazi kutoka nilikotoka, la sivyo jina langu lisingeandikwa. Ikabidi nirudi kule kukichukua.

Nilifika saa nne asubuhi. Papa Kalenga alikuwa ameketi barazani juu ya benchi, mguu umenyooka mbele yake. Aliponiona alitabasamu, akaegemeza mikono yake kwenye benchi ili ainuke.

"Munganga, umefika," aliniambia. "Nilikuwa nangojea paka weye, weye tu. Twende tutembee."

Hakukuwa na lawama yoyote katika sauti yake, na kwa sababu hiyo nilishindwa kumtazama. Nilichuchumaa nikalishika goti. Lilikuwa limeshikana kama bawaba yenye kutu. Yeye akaanza kuhesabu, imo, ibidi, isatu, na mimi nikasukuma, na goti halikwenda popote. Alihesabu mpaka kumi, peke yake. Halafu akanipigapiga begani kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Mke wake, aliyekuwa akifunga vyungu vyao kwa kamba, alinieleza kwamba wataondoka kesho kutwa kurudi kaskazini, nyumba imekwisha kupewa mtu. Akasema kila asubuhi mumewe aliomba kutolewa nje, na kila aliyetaka kumsaidia alijibiwa naye kwamba munganga wake yuko njiani.

Nikaenda kwa Papa Séraphin. Alikuwa ameniandikia cheti changu kwa mwandiko mzuri, bila neno baya hata moja. Nilisimama nikingoja anifokee. Alikausha wino, akagonga muhuri, akavua ile miwani yake.

"Miye siko nakasirika juu ulienda," alisema. "Bantu bote banaendaka, na miye ningekuwa kijana ningeenda. Lakini ulienda bila remise et reprise. Mu cahier, ile daftari ya wodi, tulikuta madawa, tulikuta pansements za vidonda. Muguu ya Papa Kalenga haikukuwa mu cahier. Ilikuwa mu kichwa yako, na ukapanda nayo treni."

Wewe unaijua remise et reprise. Anayeondoka anaketi na anayebaki, wanapitia kila kitu pamoja, kisha wanatia sahihi wote wawili. Sisi tuliifanya kwa vitanda, kwa mabakuli, hata kwa ndoo. Kwa watu sikuwahi kufikiri kwamba inahitajika.

Nilifanya kazi mjini mpaka nikastaafu, na nilipanda cheo. Lakini natamani, mwanangu, hata leo natamani ile baraza. Natamani harufu ya kitambaa kile cha moto na wodi nzima ikihesabu. Nilimwandikia Papa Kalenga barua mbili kupitia wamisionari, wala sikupata jibu. Nikiwa sokoni Ruashi nikasikia mtu anahesabu viazi kwa Kiluba, husimama hapo mpaka amalize, na mke wangu alizoea kunisubiri bila kuuliza.

Basi nisikilize sasa. Sikukatazi kwenda ng'ambo. Hospitali isiyokupa hata glavu haina haki ya kukuita msaliti, na mimi, niliyekimbia kwa ajili ya suruali, ndiye nisiye na haki hiyo kabisa. Wala sikusukumi uende. Hilo lipime mwenyewe. Ila ukiamua kuondoka, usiondoke kwa siri, hata kama nafasi ni moja na wanaoizungukia ni kumi. Waambie. Wape hizo wiki mbili, na nafasi ikipotea kwa sababu hiyo, iache ipotee. Keti na mmoja wa wale wenzako wanaofanya kazi bila kuandikwa, umweleze yale yasiyo ndani ya daftari: mama gani hali chakula mpaka mtu akae naye, mtoto gani hukubali sindano akiimbiwa, mzee gani anaficha vidonge chini ya godoro. Mshike mikono umwonyeshe unavyofanya. Kisha pita kitanda kwa kitanda, useme kwa kinywa chako mwenyewe kwamba kesho hutakuja. Wengine watalia. Walie ungali mbele yao.

Nenda, mwanangu, au baki, na Mungu awe nawe kote kuwili. Akujalie mikono myepesi, na mshahara unaofika, na wakubwa wanaokuona. Akulinde barabarani na mpakani. Na kila mahali utakapotoka, asibaki mtu anayekungoja.