Mtangazaji Alipomruka Mama

"Punguza sauti ya redio yako, msikilizaji."

Juzi nilisikia maneno hayo kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Handeni, kitumbua kikiwa mkononi, nikasahau kukitia kinywani. Aliyepiga simu alikuwa mkulima mwenye hasira na bei ya mahindi. Redio yake ilimrudishia sauti yake mwenyewe, kwa hiyo kila neno alilisikia mara ya pili, na mara ya pili lilionekana kumshangaza. Pale kibandani watu walikuwa wameshaanza kumjibu. Mmoja alimuunga mkono. Mwingine alimwambia ayapeleke mahindi yake Segera kama anaona Handeni wanamwonea. Hakuna aliyewasikia na hakuna aliyejali. Mimi nilimsikia marehemu baba yangu.

Baba alikuwa mchangiaji wa kwanza wa vipindi vya redio katika kata yote ya Kwaluguru. Tatizo lake ni kwamba alianza kuchangia kabla ya simu kufika. Redio wakati ule ilisema, watu wakasikiliza, Baba akajibu. Mtangazaji akiuliza habari za asubuhi, Baba alisema, "Nzuri, sijui za huko kwenu." Kipindi cha wakulima kikihimiza kupanda mapema, aliuliza, "Kwa mvua ya nani?" Akikasirika sana alihamia Kizigua, kana kwamba kwa lugha hiyo mtangazaji angeaibika zaidi.

"Bwana wee, hakusikii huyo," Mama alimwambia.

"Atasikiaje na wewe unanipigia kelele?"

Mimi, ambaye baadaye nilikwenda chuo kikuu kusomea mawasiliano, niliamini kabisa kwamba watangazaji wanatusikia, ila ni watu wa maringo.

Kati ya Baba na yule mkulima wa kibandani kuna safari ndefu. Zilikuja kadi za salamu zilizosomwa redioni, na watu ambao hawajawahi kuvuka Segera wakajulikana nchi nzima kwa kuwasalimia wenzao. Zikaja redio za watu binafsi, zikaja simu, na wapigaji wa mwanzo wakatumia muda wao wote kuwataja shangazi na wajomba mpaka wakakatwa kabla ya kufika kwenye hoja. Sasa watu wanatuma sauti zao zikiwa zimerekodiwa tayari, na jogoo anawika nyuma. Niliwahi kuandika tasnifu nzima juu ya mabadiliko haya, yenye michoro na mishale mingi. Siku ninayotaka kuwasimulia sikuiweka. Sikujua mshale wake uelekee wapi.

Kulikuwa na kipindi kimoja tu ambacho Baba hakukijibu: matangazo ya vifo. Ninyi mlio na makundi ya familia kwenye simu, niwaeleze. Mtu akifiwa, alipeleka maneno redioni, na jioni yalisomwa: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, mazishi ni siku fulani, habari ziwafikie... Hapo ndipo majina yalipofuata, na hapo ndipo kulipokuwa na moto. Kutajwa kulikuwa kuthibitishwa kuwa ndugu, mbele ya nchi nzima. Watu walinuniana kwa miaka kwa sababu tu mdogo mtu alisomwa kabla ya mkubwa wake.

Mwaka mmoja Bibi, mama yake Mama, aliugua huko Korogwe. Habari ilitufikia kupitia kwa muuza machungwa mmoja wa Segera. Mama hakuweza kuinuka tu akaenda. Kwao ni Wasambaa, watu wa kanisa, na kaka yake mkubwa, Mjomba Elia, alikuwa mzee wa usharika. Siku Mama alipoolewa na Baba na kusilimu, Mjomba alisema mlango wa nyumba ile umefungwa, na atakayeufungua ni yeye mwenyewe. Hakuwa ameufungua.

Kwa hiyo tulisubiri redio. Baba alianika betri juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu, na hadi leo harufu ya betri iliyochomwa na jua hunifanya nishindwe kukaa kitako. Jioni ikifika, Mama alichukua ungo, akauweka. Alifagia mahali alipokwisha kufagia. Alitoka nje kuangalia kuku ambao walikuwa wamo ndani, miguuni pake. Muziki mzito wa matangazo ukianza, alisimama akiwa ameshika nguzo ya mlango, na majina ya marehemu wengine yakapita, na mimi nikapumua kila jina lilipopita.

Jioni moja halikupita. Elia wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpendwa. Mazishi ni kesho alasiri. Habari ziwafikie Naomi wa Lushoto, Danieli wa Tanga, na ndugu na jamaa wote popote walipo.

Baba aliisogelea redio. "Na Zubeda?" aliiuliza, taratibu, kama anayemkumbusha mtu mwenye heshima. "Na Zubeda, bwana."

Redio ilikuwa imeshafika kwenye msiba mwingine, Singida.

Mama hakulia. Alianza kukunja kanga. "Kesho alfajiri naondoka."

"Hawakukutaja, mke wangu. Wakikurudisha mlangoni?"

"Wamesema jamaa wote popote walipo. Mimi niko hapa."

Alinichukua mimi. Tulipanda lori la mahindi hadi barabara kuu, na Segera tukakwama. Mabasi yalikuja yamejaa, wauza machungwa wakayavamia madirishani, yakaondoka yamejaa vilevile. Mama alimuuliza saa kila mtu mwenye saa, na wachache wasiokuwa nayo. "Tulia, mama, watu hawazikwi wakikimbizwa," muuzaji mmoja alimwambia akimmenyea chungwa. Mama alilichukua, akalikamua mkononi bila kujua, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Tulifika Korogwe jeneza likiwa bado ndani. Mama mkubwa Naomi alitoka mbio akamkumbatia Mama, wakalia kwa Kisambaa. Wanawake walimpisha akamwona mama yake. Mjomba Elia alisimama pembeni, mrefu, na suti nyeusi. Alimtazama Mama, akautazama mtandio wake, kisha akaenda kuuliza kama viti vinatosha. Hakumfukuza. Hakumsalimu.

Makaburini alisoma historia ya marehemu. Alikuwa na sauti ya mtangazaji kabisa, na labda ndiyo iliyoniponza. Alisoma alikozaliwa Bibi, alikobatizwa, shamba lake la migomba. Akafika mahali pa watoto. Marehemu ameacha watoto: Elia, Naomi, Danieli. Akageuza karatasi. Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama udongo, akikaza mtandio kidevuni.

Sasa, kwetu mtangazaji akikosea aliambiwa. Sikujua kwamba kuna nyumba ambamo haambiwi.

"Na mama yangu!" nilisema, kwa sauti ambayo Baba angejivunia. "Umemruka mama yangu!"

Mtu mmoja alicheka akajifanya anakohoa.

"Haka katoto ni ka nani?" bibi mmoja aliuliza.

"Ka Handeni."

"Ndiyo maana."

Mjomba alishusha karatasi akanitazama. Nilijiandaa kumsikia akiendelea na Singida. Lakini tofauti na wale wa redio, huyu alikuwa amesikia. Watu walianza kubadilisha miguu. Mwishowe alisema, bila kutazama karatasi, na sauti yake haikuwa tena ya utangazaji:

"Na Agnesi."

Nilikasirika. "Siyo Agnesi! Anaitwa Zube..." Mama aliniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka chungwa.

"Nipo, kaka," akasema.

Tulirudi Kwaluguru nikiwa nimenuna kwa niaba yake. Nilimwambia Baba kwamba wametaja mtu mwingine kabisa.

"Na mama yako akaitika?"

"Akaitika."

Baba aliitazama redio, akaniangalia mimi, akasema, "Basi," akaenda kuwafungia mbuzi.

Ilinichukua miaka mingi, na vyeti kadhaa, kuona kilichotokea pale. Nilidhani mimi ndiye niliyefanya kazi kwa kusema. Sisi watu wa mawasiliano tunapenda kuhesabu waliosema. Lakini Mjomba alikuwa na jina moja tu la kumwitia dada yake, lile alilobatizwa nalo. Zubeda kwake alikuwa mke wa mtu asiyemjua, na asingeweza kumwomboleza mama pamoja na mtu asiyemjua. Mama alikuwa na haki yote ya kusema Agnesi hayupo. Alikuwa amelipa sana ili asiwepo. Akaona kaka yake amesimama kando ya kaburi bila neno jingine, akamwitikia.

Mavuno yaliyofuata, Mjomba alikuja Kwaluguru kwa mara ya kwanza, na mkungu wa ndizi begani. Alisimama nje ya ua muda mrefu. Mimi nilimwona kupitia uwazi wa mlango, midomo yake ikijaribu kitu na kukiacha. Agnesi lisingefaa hapa, mbele ya mwenye nyumba. Zubeda lilikuwa bado halijamtoka mdomoni, na halikuja kumtoka maisha yake yote. Mwishowe alibisha hodi, akaita:

"Mama Mwanaidi!"

Mwanaidi ni mimi. Mama alifuta mikono, akaenda kumfungulia.