Shavu Jipya la Kokushubila

Kokushubila alifika wodini kwetu Juni 1988, kanga imemfunika nusu ya uso. Nilikuwa muuguzi wa upasuaji katika hospitali ya misheni wilayani Muleba na majeraha nilishayazoea, lakini alipoiondoa kanga ile nilitazama dirishani kwanza. Wakati wa vita vya 1979, kipande cha bomu kilimpasua shavu la kushoto akiwa shambani kwao Kaagya. Kidonda kilipona, tundu likabaki. Miaka tisa alikunywa uji huku akiliziba kwa kiganja.

Lakini hakuja kwa sababu ya uji. Dada yake na shemeji yake walikuwa wamekufa kwa ukimwi, wakaacha watoto watatu na kibanja cha migomba kule Kishanda. Ndugu za shemeji walikitaka. Kokushubila alikwenda mahakamani kuwatetea watoto, ila pumzi ilimtoka shavuni na maneno yakaharibika. Karani alimtaka arudie mara tatu. Watu wakacheka. Hakimu akaahirisha kesi kwa miezi miwili.

"Waitu daktari," alimwambia Daktari Rugemalira kwa heshima ya Kihaya, "nataka nisikike."

Daktari alimweleza kwa Kihaya, bila haraka. Angegeuza kingo za tundu ziwe upande wa ndani, kisha angekata ngozi ya shingo na kuipandisha juu yake. Asingeikata yote, kwa kuwa ngozi nene ikikosa damu huoza. Ngozi ya hapo hupata damu kutoka mishipa midogo iliyo chini ya taya, hivyo angeuacha upande huo umeshikamana kwa karibu wiki tatu, mpaka shavu lenyewe lianze kuilisha. Siku zote hizo asinyooshe shingo.

Kokushubila aliuliza kama angewekewa damu ya mtu. Mwaka ule wengi waliogopa hilo kuliko kisu. Daktari alisema hakutarajia kuihitaji, na ikilazimu, kaka yake Buberwa alikuwa ameshapimwa. Akakubali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili asubuhi niliigusa ile ngozi kwa mgongo wa kidole, nikaiona imepoa na kuvimba. Rangi yetu haionyeshi hatari upesi, kwa hiyo daktari aliichoma ncha kwa sindano. Ikatoka damu nyeusi, nzito.

"Damu inaingia lakini haitoki," alisema. "Tukichelewa, itakufa."

Alikata nyuzi mbili karibu na taya, tukamkalisha wima na kukilaza kichwa zaidi begani kwa mito. Kokushubila alinishika mkono. Alinikazia macho. Nilirudi kuigusa kila baada ya nusu saa. Kufikia saa tisa alasiri ilikuwa ya uvuguvugu, na sindano ikatoa damu nyekundu. Ukingo wenye ukubwa wa punje ya harage ulikufa, sehemu iliyobaki ikashika.

Alilala ameketi, kichwa kimefungwa begani, siku ishirini. Mgongo ulimuuma mpaka akatokwa machozi, lakini kila nilipotaka kumlegezea kitambaa alikataa kwa mkono. Daktari alipokata sehemu iliyoachwa imeshikamana chini ya taya na kurudisha ngozi iliyobaki shingoni, tulisubiri dakika kumi nzima. Shavu likabaki na joto lake. Wiki iliyofuata nilimsikia akifanya mazoezi peke yake: baba, papai, kibanja.

Niliomba ruhusa nikaenda naye mahakamani. Alisimama bila kujifunika, kovu wazi, mdomo umevutwa kidogo upande. Alitaja majina ya watoto, akataja mipaka ya shamba na waliokuwepo siku shemeji yake alipogawiwa. Hakimu aliandika tu, hakumwambia arudie. Kibanja kikabaki kwa watoto, yeye akiwa msimamizi.

Mwezi huohuo alihamia Kishanda. Msimu wa kwanza yeye na watoto walipalilia nusu ya shamba, kwani lilikuwa limeota magugu tangu mama yao augue.